Je, Wajua? Karne ya 18 ya Lualaba Inaonekana kwa Macho

Je, wajua kwamba mwaka 1750, kabla Kolwezi haijawa mji wala kambi, shaba ya nchi hii ilikuwa tayari inachimbwa, inayeyushwa na kusafirishwa mbali? Mji wenyewe ni wa juzi. Ulikua kuanzia miaka ya 1930 chini ya kampuni ya Union Minière. Uchimbaji ni mkongwe kuliko kampuni yoyote: katika ukanda huu wa shaba watu walikuwa wakiyeyusha madini kabla ya mwaka 1000.

Je, wajua kwamba somo la historia darasani mara nyingi huruka karne hiyo nzima? Mwanafunzi husimuliwa Wareno walipofika mdomo wa Mto Kongo mwaka 1482, kisha ghafla yuko Berlin mwaka 1885. Miaka mia nne imemezwa. Anayesoma Kolwezi ndiye anayepunjwa zaidi, kwa sababu karne ya 18 ya kwao haimo kwenye nyaraka za ofisi. Imo kwenye vitu, na vitu huoneshwa.

Tuanze na kitu kimoja: msalaba wa shaba.

Je, wajua kwamba misalaba ile, maarufu kwa jina la handa, haina uhusiano na kanisa? Ni mikuo ya shaba yenye umbo la herufi X, iliyomiminwa katika kalibu zilizochongwa ardhini karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret aliigawa kwa maumbo na vipimo, akaonesha jinsi ilivyobadilika kwa wakati.

Ushahidi mkubwa ulitoka kaskazini, kwenye bonde la Upemba, mahali ambapo Lualaba inatanda na kuwa maziwa. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, na katika miaka ya 1970 de Maret akaendelea huko na katika maeneo jirani. Walichokikuta kingetosha kujaza muhula mzima wa masomo. Katika makaburi ya kale shaba ni pambo, mali ya watu wachache. Baadaye inakuja misalaba mikubwa, mmoja mmoja, imelazwa juu ya marehemu. Baadaye zaidi misalaba inapungua ukubwa, inaongezeka idadi na kufanana vipimo, na inakaa karibu na kiuno au mikono. Wataalamu wanauona mwendo huo kuwa ndiyo safari ya shaba kutoka heshima hadi fedha. Ukiipanga misalaba hiyo kwa mfuatano juu ya meza moja, mtoto wa miaka kumi na miwili ataiona sarafu ikizaliwa bila kuelezwa neno.

Na bonde la Upemba halina madini ya shaba. Kila msalaba uliokutwa pale ulipanda njia kutoka kusini, kutoka vilima vya ukanda huu.

Je, wajua kwamba misalaba ya shaba ilifika hata bonde la Zambezi? Huko Ingombe Ilede, upande wa Zambia, makaburi yaliyogunduliwa mwaka 1960 yalikuwa na misalaba pamoja na dhahabu, shanga za vioo na nguo. Leo wanasayansi hulinganisha aina za atomu za risasi zilizomo ndani ya shaba ili kujua kipande kimetoka mgodi gani.

Je, wajua kwamba katika karne hiyo ya 18 viwanda vya Bristol, Uingereza, vilikuwa vikitengeneza bangili za shaba nyeupe kwa ajili ya kununulia watumwa Afrika Magharibi? Ndiyo karne ya 18: pwani ya Atlantiki ikilipwa kwa metali ya Ulaya, na huku ndani, kwenye chanzo cha Lualaba, watu wakijitengenezea fedha yao kwa mikono yao. Mwalimu akiweka bangili na msalaba pamoja katika onesho moja, anaweza kufundisha biashara ya dunia nzima kwa vitu viwili.

Je, wajua jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika? Mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne alichapisha mwaka 1926 maelezo marefu ya watu aliowaita "wala shaba" wa Katanga, yaani wale ambao shaba ndiyo riziki yao. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mvua ikishakoma na shamba likiwa limepumzika. Kijiji kilihamia kwenye machimbo. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, lile jiwe la kijani linalong'aa. Wanaume waliteremka mashimoni na kuufuata mshipa. Miti ilikatwa na kuchomwa makaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa unavumilia moto, na mivukuto ya ngozi ya swala ikapuliza mpaka metali ikashuka. Kisha ikayeyushwa mara ya pili na kumiminwa kwenye kalibu.

Hayo yaliandikwa katika karne ya 20, na mwalimu anayeyatumia aliseme hilo waziwazi. Fundi mzee anayeonesha kazi ya ujana wake hatuletei mwaka 1750 ukiwa mzima. Anatuletea kilichorithishwa, na katika urithi kuna yaliyoachwa na yaliyoongezwa. Wayeke, waliofika kutoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 wakiifuata shaba hiihii, waliikuta kazi ya Wasanga, wenyeji wa hapa, wakaiendeleza, na wakawa mabingwa wa kuvuta waya mwembamba wa shaba. Mpaka mgeni alipoketi na daftari lake, mikono kadhaa ilikwisha kupita.

Je, wajua kwamba jambo hilohilo lilifanyika Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, likaingizwa kwenye filamu? The Tree of Iron, ya mwaka 1988, inawaonesha wazee wa Kihaya wa Mkoa wa Kagera, Tanzania, wakijenga tena tanuri la chuma pamoja na mwanaakiolojia Peter Schmidt. Hakuna filamu ya kufundishia ninayoitamani zaidi kwa ajili ya shaba ya Lualaba. Uzuri wake ni kwamba ufundi unaonekana kama fikra: mtu anachagua udongo, anachagua mti, anasikiliza pumzi ya mivukuto, anabishana na mwenzake. Mtoto anayetazama haoni watu wa zamani, anaona wahandisi.

Je, wajua kwamba kuna ua linaloonesha palipokuwa na tanuri? Haumaniastrum katangense ni mmea mdogo unaovumilia udongo wenye shaba nyingi ambao ungeua mimea mingine. Unaota juu ya mashapo ya madini, na unaota pia mahali mafundi walipoponda jiwe na kumwaga mavi ya shaba. Mwaka 1982 Guy de Plaen, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya Lubumbashi, pamoja na mtaalamu wa mimea François Malaisse na mwenzao Robert Brooks, walieleza jinsi maua hayo yanavyowaongoza watafuta madini na wanaakiolojia kwa pamoja. Ziara ya shule haina haja ya tiketi hapo. Inahitaji mwalimu anayelijua ua.

Je, wajua kwamba Wazungu hawakuigundua migodi hii? Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alipita akakuta mashimo ya kale. Kuanzia 1899 George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Robert Williams, alifanya vivyo hivyo: alipelekwa na wenyeji penye machimbo ya wenyeji, akapigilia vigingi. Union Minière iliundwa mwaka 1906 juu ya ramani ambayo Wasanga na majirani zao walikuwa wameichora kwa jembe. Kwa hiyo mashimo makubwa ya leo mara nyingi yamekalia mashimo madogo ya jana na kuyala. Hasara hiyo hairudi. Kipande cha msalaba unaweza kukinunua sokoni ukakirudisha kabatini, lakini shimo la mwaka 1750 lililofumuliwa na tingatinga limekwenda pamoja na makaa yake, vigae vyake na tarehe yake.

Je, wajua kwamba kobalti ni mtoto wa karne ya 18? Katika miaka ya 1730 mkemia Georg Brandt wa Sweden alithibitisha kuwa rangi ya buluu ya vioo inatokana na metali ambayo haikuwa imejulikana. Huku Lualaba fundi alikuwa akitafuta jiwe la kijani, kwani ndilo lililompa shaba. Leo dunia inalisaka lile jeusi lenye kobalti. Mwaka 2014 mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ulianza kuchimbwa hadi chini ya nyumba za watu kwa ajili yake.

Sasa tuiache shaba kidogo, tushike chumvi.

Je, wajua kwamba dola moja kubwa ya karne ya 18 inasimuliwa kuwa ilianzia na chumvi ya Lualaba? Masimulizi ya Walunda wa mashariki yanasema hivi. Mutanda Yembeyembe aliwekwa na Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, kusimamia nchi ya Lualaba ya juu. Kulikuwa na chumvi huko, naye akaificha kwa mfalme wake. Mlunda mwenzake, Chinyanta, akachukua kiasi, akakipeleka Musumba, makao ya mfalme, naye mfalme akaonja na kujua kwamba amefichwa. Mutanda alipopata habari alimtosa Chinyanta katika Mto Mukelweshi, akafa maji. Mfalme akampa Ng'anga Bilonda, mwana wa Chinyanta, cheo cha Kazembe. Walunda wakaenda mashariki, na kufikia miaka ya 1740 walikuwa wameshika bonde la Luapula. Mwanahistoria hawezi kuapa kwamba kila neno lilitokea. Lakini kitu ambacho watu waliona kinafaa kuulia na kuhamia kilikuwa chumvi, na hilo ni somo la uchumi lenye damu ndani yake.

Simulizi hilo liliandikwa kwa Kibemba na Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akisaidiwa na Padre Edouard Labrecque, likachapishwa mwaka 1951. Ian Cunnison akalileta katika Kiingereza mwaka 1961. Fikiria likiwa kitabu cha picha cha shule katika Kiswahili cha Kongo. Lingefaa sana.

Je, wajua kwamba safari hiyo huchezwa kila mwaka? Mutomboko hufanyika Mwansabombwe, Zambia, mwezi Julai. Mwata Kazembe hucheza mbele ya umati akiwa na silaha mikononi, kukumbuka vita na mito waliyovuka kutoka Musumba. Hilo ni onesho la karne ya 18 lenye ngoma, vumbi na watu halisi, na hakuna kabati la kioo linaloweza kushindana nalo.

Na Musumba yenyewe iko wapi? Katika Kapanga, ndani ya jimbo la Lualaba lililoundwa mwaka 2015 kwa kuigawa Katanga, na ambalo makao yake makuu ni Kolwezi. Mwata Yamvo, au Mwant Yav, bado yupo, na baraza lake lipo. Mtoto wa Kolwezi anaishi katika jimbo moja na kiti ambacho katika karne ya 18 kilipokea kodi kutoka magharibi, kwenye njia za kwenda Angola, na kutoka mashariki, Luapula.

Je, wajua kwamba Walunda walikuwa na namna yao ya kuiweka historia ili isipotee? Anayerithi cheo hurithi jina, ndugu na matendo ya aliyetangulia. Machifu wawili ambao mababu zao walikuwa kaka na mdogo wake wataitana kaka na mdogo hata baada ya vizazi kumi. Mwenye cheo akisimulia husema "mimi nilivuka," akimaanisha mtu aliyezikwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Cunnison alilieleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1950. Mtengenezaji wa filamu akiwarekodi wazee hao, tafadhali asiweke sauti ya msimulizi juu yao. Ile "mimi" ndiyo historia yenyewe.

Je, wajua kwamba Waluba, kaskazini mwa hapo, walikuwa na ubao wa kufundishia historia? Unaitwa lukasa. Ni kibao cha mti kinachoenea mkononi, kimepachikwa shanga, kauri na vipande vya metali. Mtaalamu wa chama cha Mbudye hukishika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisoma wafalme, safari, mahali patakatifu na mpangilio wa baraza. Shanga ileile inaweza kutoa simulizi jingine mbele ya wasikilizaji wengine, na hapo ndipo ubingwa wa msomaji ulipo. Mwishoni mwa karne ya 18, Ilunga Sungu alipoupanua ufalme wa Waluba, elimu ya namna hiyo ndiyo iliyofunga majimbo mapya na kitovu. Mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliandaa New York onesho kubwa juu ya kumbukumbu na sanaa ya Waluba, na lukasa zikawa kiini chake. Zilizomo kwenye makumbusho ya ng'ambo nyingi zimenyamaza, maana kibao kimesafiri bila msomaji wake.

Kuna maandishi pia, machache.

Je, wajua kwamba mwaka 1798 mwanahisabati mzaliwa wa São Paulo, Francisco José de Lacerda e Almeida, aliondoka Tete na msafara hadi mji wa Kazembe? Wakati huo alitawala Kazembe wa tatu, Lukwesa Ilunga. Ureno ilitaka njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola, hasa baada ya Waingereza kuitwaa Rasi mwaka 1795. Lacerda alifariki huko Oktoba 18, 1798, na mpango wake ukafa naye.

Njia hiyo ilikuja kupitwa na Waafrika wawili. Pedro João Baptista na mwenzake, wachuuzi waliotumwa kutoka Kasanje, Angola, walianza safari mwaka 1802. Walipita Musumba, wakavuka Lualaba, wakazuiwa kwa Kazembe takriban miaka minne, wakafika Tete mwaka 1811 na kurudi Angola mwaka 1814. Shajara ya Baptista inataja nchi ya shaba, mawe ya kijani vilimani na watu wanaotengeneza mikuo. Ni mwaka 1806, karne ya 18 imefunga mlango jana tu. Safari ya miaka kumi na miwili, bara zima kwa miguu, na aliyeandika ni Mwafrika! Sijui kwa nini filamu yake haijaoneshwa katika kila ukumbi wa shule kutoka Kolwezi hadi Dilolo.

Je, wajua kwamba msururu huohuo wa biashara uligusa Uswahilini? Wabisa na Wayao walibeba pembe kutoka kwa Kazembe hadi pwani. Kilwa ya wakati huo ndiyo iliyotia saini na Mfaransa Morice, mwaka 1776, mkataba wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Ramani ya ukutani inayoonesha shaba, chumvi na pembe pekee, bila watu waliouzwa, ni ramani pungufu.

Je, wajua kwamba historia ya nchi hii ilipata kusimuliwa kwa picha na kwa Kiswahili? Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, alimpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya mia moja katika miaka ya 1973 na 1974, akazieleza moja baada ya nyingine katika Kiswahili cha Shaba, kuanzia enzi za mababu hadi zama za Mobutu. Picha hizo ziko Amsterdam. Kitabu cha Fabian juu yake kilitoka mwaka 1996. Mchoraji mwenyewe alipotea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, wajua kwamba Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ameufanya msalaba wa shaba kuwa filamu? Tales of the Copper Cross Garden ilioneshwa mwaka 2017 katika maonesho ya documenta 14. Inatazama shaba ikivutwa kuwa waya kiwandani, huku nyuma yake ipo kumbukumbu ya kwaya ya wavulana ya Elisabethville iliyobeba jina la msalaba wa shaba. Kabla ya hapo alipiga mfululizo wa picha ulioitwa Kolwezi, kati ya 2009 na 2012, juu ya machimbo na makazi ya wachimbaji. Kwa kufundishia, ningeonesha filamu hiyo baada ya wanafunzi kushika jiwe la malakiti na kulipima uzito. Picha ikitangulia, jiwe hugeuka kielelezo tu.

Je, wajua kwamba nchi ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake na mmoja kwenye sarafu zake za 1961? Sarafu hizo bado zinazunguka mikononi mwa wakusanyaji.

Je, wajua mahali pa kwenda? Makumbusho ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1930 na Francis Cabu, ndiyo nyumba kongwe ya akiolojia ya kusini. Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa yalifunguliwa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea Kusini. Yale ya Tervuren, Ubelgiji, yalifunguliwa upya Desemba 2018, na madini ya Katanga ni sehemu ya hazina yake. Hapa jimboni, Desemba 20 watu hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Ni karne ya 19, lakini wanaokuja wanajua ni nani aliyekuwa akiyeyusha shaba kabla ya Wayeke, na wataliambia darasa lolote litakalofika na maswali.

Kwa mwalimu wa Kolwezi asiye na bajeti, mambo ni haya: malakiti mkononi, kipande cha mavi ya shaba, picha ya handa iliyochapishwa kwa ukubwa wake halisi, ramani yenye Musumba, Luapula, Tete na Kilwa, na simu inayorekodi sauti. Mzee akianza kusimulia habari za Mutanda na chumvi, arekodiwe mpaka mwisho, hata akirudia.